Qatar: Muuguzi ambaye leseni yake imekwisha muda

Hospitali Kuu ya Hamad mjini Doha, iliyofunguliwa mwaka 1982, huwategemea sana wauguzi kutoka nchi za nje. Hata hivyo, katika mji huo huo wapo watu wa Afrika Mashariki waliosomea uuguzi na ambao hawaruhusiwi kumchoma mgonjwa hata sindano moja.

Hao ni wale walioondoka Kenya, Uganda au Tanzania na vyeti vyao mkobani, lakini wakaingia Qatar kwa viza ya kazi za nyumbani. Miaka ikapita, ada haikulipwa, na leseni ikaisha muda.

Wengi huanza kutafuta msaada Doha. Lakini Qatar haihuishi leseni ya nchi nyingine. Kazi hiyo ni ya baraza lililoitoa.

Usajili na leseni

Usajili ni kuingizwa kwa jina katika daftari la wauguzi baada ya kufuzu. Leseni ni ruhusa ya kufanya kazi kwa kipindi maalumu, nayo huhuishwa kwa kulipa ada na kuonyesha kwamba muuguzi ameendelea kujifunza.

Nchini Kenya mwenye mamlaka hayo ni Baraza la Wauguzi. Uganda ina Baraza la Wauguzi na Wakunga chini ya sheria ya mwaka 1996, na Tanzania ina Baraza la Uuguzi na Ukunga chini ya sheria ya mwaka 2010.

Baraza ndilo pia hutoa cheti cha mwenendo mwema wa kitaaluma, ambacho Qatar hukidai.

Uhakiki na mtihani

Mjini Doha maombi hupokelewa na Wizara ya Afya ya Umma, kupitia idara iliyorithi kazi za baraza la wataalamu wa afya lililoundwa mwaka 2013. Kampuni ya DataFlow huwasiliana moja kwa moja na chuo, baraza na waajiri wa zamani ili kuhakiki vyeti. Jina la ndoa lisilolingana na lililo kwenye cheti cha chuo, jambo la kawaida kwa wanawake, linaweza kuchelewesha kila kitu.

Kisha hufuata mtihani wa kompyuta unaosimamiwa na Prometric.

Kizuizi kikubwa zaidi ni muda. Miaka ya kupika na kulea watoto haihesabiwi kuwa uzoefu wa uuguzi, hata kama aliyelelewa alikuwa mgonjwa. Kwa hiyo kila mwaka unaoongezeka huzidisha pengo ambalo mwombaji atatakiwa kulieleza. Kwa baadhi yao, njia fupi ni kurudi nyumbani na kufanya kazi wodini kwanza.

Kubadilisha mwajiri

Hadi mwaka 2020, mfanyakazi hakuweza kuhama bila idhini ya mwajiri wake. Sheria ya mwaka huo iliondoa sharti hilo, hata kwa watumishi wa majumbani: notisi ni mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi hadi miaka miwili, na miezi miwili kwa aliyezidisha. Hata hivyo, Amnesty International ilisema baadaye kwamba baadhi ya waajiri waliendelea kuwazuia wafanyakazi kuondoka.

Kufanya kazi ya uuguzi nchini humo bila leseni ni kosa, hata ndani ya nyumba ya mwajiri.