Danki Ni Pointi Mbili Tu? Basi Mbona Waliipiga Marufuku Miaka Tisa?

Kuna sentensi moja nimeisikia tangu nianze kucheza baske shuleni: "Danki ni pointi mbili tu, kama tu ile ya kawaida." Kocha wetu alikuwa anaipenda sana. Nikiwa Form Two tulikuwa na msee mmoja mrefu wa Form Three, mkimya, ambaye hata darasani alikuwa anakaa nyuma ili asizibie watu ubao. Siku moja, kwenye mechi ya kirafiki, alipata mpira katikati ya uwanja, akapiga hatua mbili, akaruka na kuusindika ndani ya ringi kwa mkono mmoja. Uwanja wetu wa saruji ulilipuka. Hadi wapishi walitoka jikoni.

Kocha alifanya nini? Alimtoa. Akamwambia mbele ya kila mtu kwamba hapa si sarakasi. Jamaa alikaa benchi hadi mwisho, tukapoteza mechi, na muhula uliofuata hakurudi kwa timu. Sijui kama angefika mbali. Lakini hiyo siku imekaa kwa kichwa yangu, na ndiyo ilinifanya nianze kusoma historia ya danki kwenye vyuo vya Marekani. Kumbe kocha wetu hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Kuna watu wazima, wenye suti na kamati, walioketi chini wakaandika sheria nzima ya kumaliza hiyo kitu.

Twende polepole.

Ringi ya baske iko futi 10 kutoka chini. Kwa miaka mingi, mtu kufika huko juu akiwa na mpira mkononi lilikuwa jambo la nadra. Miaka ya 1940 alikuwepo Bob Kurland wa Oklahoma A&M, jamaa wa futi 7, mzungu, aliyekuwa anadanki na pia anaudaka mpira wa wapinzani ukiwa unashuka kuelekea kikapu. Wakubwa wa mchezo walibadilisha sheria kwa sababu ya watu kama yeye: kuanzia 1944, ukiugusa mpira unaoshuka kuingia, pointi zinahesabiwa. Lakini danki yenyewe waliiacha. Shika hiyo, tutairudia.

Sasa ruka hadi tarehe 19 Machi 1966. Fainali ya vyuo vikuu. Upande mmoja kuna Kentucky, timu kubwa, wachezaji wote wazungu. Upande wa pili kuna Texas Western, na kocha wao Don Haskins ameanzisha wachezaji watano, wote weusi. Hilo halikuwa limewahi kuonekana kwenye fainali. Mapema kabisa kwenye hiyo mechi, David Lattin alipokea mpira karibu na ringi na kudanki kwa nguvu zote. Ilikuwa pointi mbili tu, kweli. Lakini ilikuwa pia taarifa: tuko hapa, na hatujakuja kuomba. Texas Western walishinda 72-65.

Msimu uliofuata, kijana anayeitwa Lew Alcindor alianza kuchezea timu kubwa ya UCLA. Leo unamjua kama Kareem Abdul-Jabbar. Alikuwa mrefu kupita futi 7 na mwepesi kama winga wa soka. UCLA walicheza mechi 30 na kushinda zote 30, wakabeba ubingwa wa 1967. Muda mfupi baadaye, kamati ya sheria ikatangaza: kuanzia msimu unaofuata, danki ni marufuku. Si kwenye mechi tu, hata ukiwa unapasha misuli.

Sababu walizotoa zilikuwa hizi: wachezaji wanaumia, ringi na mbao zinaharibika, na hakuna namna ya kumzuia mtu akishafika huko juu. Sitawadharau kabisa. Ringi za wakati huo hazikuwa zile za spring tunazoziona leo, na zilikuwa zinapinda kweli. Lakini jiulize. Kurland alidanki miaka ya arobaini, ringi zilikuwepo, na hakuna aliyepiga danki marufuku. Iweje mwaka mmoja baada ya Lattin, na muda mfupi tu baada ya Alcindor kushinda kila kitu, ndipo ringi zikawa na thamani hivyo? Alcindor mwenyewe alisema wakati huo kwamba hiyo sheria inanuka ubaguzi, kwa sababu wengi waliokuwa wanadanki walikuwa weusi. Watu waliiita sheria ya Alcindor, na hilo jina halikutoka hewani.

Hapa najua kuna msomaji atasema: "Lakini si ilimsaidia?" Ni kweli kwamba Alcindor, aliponyimwa danki, aliinoa sana ile skaihuku yake, ule mtupo wa mkono mmoja unaopinda juu ya kichwa cha beki. Alibeba ubingwa tena 1968 na 1969, na katika miaka mitatu UCLA ilipoteza mechi mbili tu akiwa nao. Baadaye akaenda NBA akafunga pointi 38,387. Kocha wake, John Wooden, hakuwa na shida na marufuku hiyo hata kidogo.

Mimi nasema hivi: mtu akifungiwa mlango akapita dirishani, usimshukuru aliyefunga mlango. Alcindor alikuwa na kipaji cha kutosha kupita dirishani. Wangapi hawakuwa na dirisha?

Mfano ni David Thompson wa North Carolina State. Alikuwa na futi 6 na inchi 4, urefu ambao hata hapa Nairobi unaweza kuukuta kwa kondakta wa matatu, lakini alikuwa anaruka kama ana spring kwa miguu. Kwa sababu danki ilikuwa haramu, wenzake walikuwa wanamrushia mpira juu karibu na ringi, anaudaka akiwa hewani, halafu, badala ya kuusindika, anauachia polepole udondoke ndani. Yaani anafika mlangoni na kubisha hodi kwa adabu. Kwa mtindo huo NC State iliwatoa UCLA kwenye nusu fainali ya 1974, ikavunja msururu wao wa vikombe saba mfululizo, kisha ikabeba ubingwa. Mwaka 1975, kwenye mechi yake ya mwisho ya nyumbani, Thompson alichoka kubisha. Akadanki. Refa akafuta pointi na kumpigia faulo ya kiufundi, huku mashabiki wamesimama wakishangilia.

Hebu fikiria hiyo picha. Ubao unasema haikuhesabiwa. Lakini karibu nusu karne baadaye, mimi kijana wa Eastlands ninaijua. Ni mitupo mingapi ya kawaida ya mwaka huo unayoweza kunitajia?

Marufuku iliondolewa kuanzia msimu wa 1976-77. Danki ikarudi, na ikarudi na hamu ya miaka tisa. Mwaka 1980 Louisville ya Darrell Griffith, walioitwa madaktari wa danki, walibeba ubingwa. Halafu ikaja timu ninayoipenda kuliko zote kwenye hii story: Houston ya 1982 hadi 1984.

Kocha wao, Guy Lewis, alikuwa mzee wa taulo begani, na alikuwa na hoja rahisi sana. Wenzake walisema danki ni mbwembwe. Yeye akasema danki ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kufunga. Ukiwa mita sita kutoka kwa ringi, unaomba Mungu. Ukiwa juu ya ringi, unaweka. Kwa hiyo aliwaambia vijana wake wadanki kila wanapoweza. Na vijana wenyewe walikuwa nani? Clyde Drexler, na kijana kutoka Lagos aliyekuwa amecheza handiboli kabla ya kuingia kwenye baske, Hakeem Olajuwon. Mwandishi mmoja wa gazeti la huko aliwabatiza Phi Slama Jama, na jina likashika.

Aprili 1983 walifika fainali wakiwa wameshinda mechi 26 mfululizo. Nusu fainali walikuwa wameikanyaga Louisville 94-81 kwa mvua ya danki. Kwenye fainali walikutana na NC State ya kocha Jim Valvano, timu iliyokuwa imepoteza mechi kumi msimu huo. Kila mtu alijua nani atashinda.

Sekunde za mwisho, 52-52. Dereck Whittenburg wa NC State akarusha mpira kutoka mbali sana, mtupo wa kukata tamaa. Ukawa mfupi. Haukufika hata kwa ringi. Lakini Lorenzo Charles alikuwa amesimama pale chini, akaudaka hewani na kuusindika ndani. 54-52. Mechi imekwisha. Valvano akaanza kukimbia uwanjani akitafuta mtu wa kukumbatia.

Timu ya danki imeuliwa na danki moja.

Watu wengi huisimulia hiyo story kama funzo kwa Houston, ati mbwembwe hazishindi vikombe. Na ni ukweli, Houston walirudi fainali 1984 wakapoteza tena kwa Georgetown, hawakuwahi kubeba. Mimi nasoma tofauti. Ile danki ya Charles haikuwa na urembo wowote. Ilikuwa kazi: kusimama mahali pazuri, kuendelea kucheza wakati wengine wamesimama kutazama mpira, halafu kumaliza bila kuacha nafasi ya kukosea. Angejaribu kuubembeleza kwenye ubao, nani ajuaye. Hiyo ndiyo hoja ya Guy Lewis, ila safari hii alifundishwa na mpinzani. Danki ina sura mbili, furaha na uhakika, na anayekwambia ni furaha tu hajaitazama vizuri.

Kuna moja ya mwisho, na hii ndiyo huniumiza. Tarehe 21 Desemba 1984, mji wa Elkins, West Virginia, Georgeann Wells wa Chuo Kikuu cha West Virginia alidanki kwenye mechi. Mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwenye mechi ya chuo. Watu waliokuwa ukumbini walikuwa wachache. Video ilikuwepo, lakini ilirekodiwa na timu pinzani, na kocha wao hakuitoa. Kwa karibu miaka 25 dunia ilibaki kuambiwa tu. Mwaka 2009 ndipo mtoto wa huyo kocha alipoitoa ile kanda, na watu wakaona kwa macho yao. Katikati hapo, mwaka 2006, Candace Parker wa Tennessee alikuwa amedanki mara mbili kwenye mechi moja ya mashindano ya NCAA, na kila mtu aliona siku hiyohiyo.

Pointi za Wells zilihesabiwa kama kawaida. Kilichokosekana ni ushahidi. Wasichana wa miaka hiyo yote walikosa kuona kwamba inawezekana. Kama danki ingekuwa pointi mbili tu, hakuna mtu angeficha kanda yake.

Sasa nirudi nyumbani. Mwaka 2025, Duke ilifika nusu fainali ikiwa na Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kampala, hapo tu jirani. Nilikuwa natazama kwa simu usiku, bando ikiisha. Kila alipodanki nilimfikiria yule msee wetu wa Form Three. Maluach hakufika Duke kwa danki pekee, alifika kwa kujituma. Lakini mtoto wa Kampala au Kayole anayeona hiyo danki haoni pointi mbili. Anaona mtu anayefanana naye akiwa juu ya futi 10, na anatoka nje kutafuta mpira.

Sisemi kila danki ni nzuri. Ukikosa danki ya mbwembwe wakati mwenzako yuko wazi, kocha ana haki ya kukukaripia, hata mimi nitakukaripia. Ninachosema ni kwamba watu wazima wana tabia ya kuita furaha ya vijana utovu wa nidhamu, hasa ikiwa hawawezi kuizuia. Ile kamati ya 1967 ilifanya hivyo kwa miaka tisa. Kocha wetu alifanya kwa dakika moja.

Kwa hivyo kama wewe ni kocha wa shule na unasoma hii, na kesho kijana wako mkimya ataruka akaweka moja, mwache uwanjani. Mrekebishe mazoezini Jumatatu. Na wewe kijana uliyewahi kutolewa kwa sababu ya kuruka juu sana: rudi, bana. Ringi bado iko futi 10.