Alama Isiyo na Wino: Safari ya Neno Chanjo

Mwanafunzi wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambamo Kiswahili ni lugha ya nyumbani, akiulizwa maana ya neno "chanjo", hujibu upesi: ni sindano ya kumkinga mtoto na maradhi. Jibu hilo si kosa, lakini halijakamilika. Neno hili lina umri mkubwa kuliko sindano. Katika makala haya twakusudia kulifuata lilikotoka, kwa kuwa ndani yake imehifadhiwa sehemu ya historia yetu.

Mzizi wake ni kitenzi "kuchanja", yaani kupasua au kutia mkato. Twachanja kuni, wazee wetu walichanja na ngozi. Kama vile "fumba" hutupa "fumbo" na "pamba" hutupa "pambo", ndivyo "chanja" ilivyotupa "chanjo". Mikato yenyewe ya mwilini huitwa chale.

Chale haikuhitaji wino. Fundi aliinua ngozi kwa mwiba au ndoana ndogo, akaikata kwa kisu au wembe, kisha akapaka jivu au dawa ili kovu litune. Sababu yaeleweka: juu ya ngozi nyeusi rangi haionekani sana, bali kovu lililoinuka huonekana na hata kupapaswa kwa vidole. Wako waliotia makaa katika mikato, kama Wamakonde. Neno "nembo", ambalo leo lataja alama ya taifa au ya chama, lilikuwa pia jina la alama za mwilini za namna hiyo. Hivyo kile kilichoandikwa usoni pa mtu sasa chapigwa juu ya barua za serikali.

Lakini urembo na ukoo havikuwa kazi pekee ya chale. Kazi ya pili ilikuwa undugu. Watu wawili wasiozaliwa pamoja waliweza kuchanjiana, damu zao zikachanganywa, na tangu hapo kumdhuru mwenzio kukawa ni kumdhuru ndugu. Mwezi wa Aprili 1876, katika Unyamwezi, Mirambo na Henry Morton Stanley walifanyiwa kiapo hicho. Manwa Sera, kiongozi wa wapagazi wa Stanley, alimchanja kila mmoja mguuni na kubadilishana damu yao. Stanley huyo ndiye aliyefika na Livingstone mwaka 1871 kwenye mdomo wa mto Rusizi, karibu na ulipo mji wetu leo. Katika nchi ambayo misafara ilipita na bunduki, kovu dogo la mguuni lilikuwa mkataba.

Kazi ya tatu ilikuwa kinga. Mganga alichanja na kusugua dawa ndani ya mkato ili mwili uipokee. Wala tusidhani kwamba fikra hii ilikuwa ya kipuuzi. Mtumwa mmoja Mwafrika aliyeitwa Onesimus, aliyekuwa Boston, Marekani, alimwambia bwana wake, Cotton Mather, kwamba kwao watu waliingizwa usaha wa ndui katika mkato wa ngozi ili wasiupate ugonjwa kwa ukali. Alimwonyesha na kovu lake mkononi. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston aliifuata njia hiyo kwa watu zaidi ya 200, na waliokufa miongoni mwao walikuwa wachache mno kuliko miongoni mwa wasiochanjwa. Edward Jenner alifanya jaribio lake la ndui ya ng'ombe baadaye sana, mwaka 1796.

Basi madaktari walipoleta kinga ya ndui katika nchi zetu, Kiswahili hakikuazima neno la kigeni. Kilikuwa nalo tayari: watu walikwenda "kuchanjwa ndui". Ngozi ilikwaruzwa au kudungwa mara kadhaa, likabaki kovu la duara. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umetoweka.

Kovu hilo halikuwa limemaliza kazi yake. Mwezi wa Julai 2024 ugonjwa wa mpox, ambao kirusi chake ni jamaa ya kile cha ndui, ulithibitishwa hapa Burundi. Ikakumbukwa kwamba chanjo ya kale ya ndui hutoa kinga fulani dhidi yake. Waliozaliwa baada ya kukoma kwa uchanjaji hawakuwa nayo. Alama waliyoibeba wazee wetu bila kuifikiria ilikuwa ngao ambayo vijana waliikosa.

Walimu wenzetu, mambo mawili yafaa tuyaseme madarasani. La kwanza, wembe mmoja usipite katika ngozi za watu wawili, kwani waweza kupitisha UKIMWI na homa ya ini. Hapo desturi haina hoja. La pili, mwanafunzi mwenye chale asichekwe, kwa maana mwenzake anayemcheka huenda naye ana kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi. Na mzazi anayeona huruma kumpeleka mtoto kuchanjwa, tumkumbushe walilosema wahenga: mchelea mwana kulia hulia yeye.