Usiku Ndani ya Gari la Moshi: Habari za Safari ya Nairobi na Mombasa

Ni desturi ya ripoti hii kwamba, baada ya hesabu za fedha na taarifa za mazishi na karo, kurasa chache hutengwa kwa ajili ya habari za kale. Mwaka huu tumeona yafaa tuandike juu ya gari la moshi la usiku lililokwenda baina ya Nairobi na Mombasa. Mtaa wetu wa Komarock ni mchanga ukilinganishwa na Muthurwa, Makongeni au Kaloleni. Lakini wengi waliohamia huku walilelewa katika mitaa hiyo ya kale, na Muthurwa na Makongeni ilikuwa mitaa ya reli, iliyokusudiwa wafanyakazi wake. Kwa hiyo habari za reli kwetu si habari za wageni.

Jambo lililotusukuma zaidi ni hili. Mengi yaliyoandikwa juu ya safari ile yameandikwa na watu waliolala vitandani. Wamesifu shuka nyeupe, vijiko vya fedha, na mlima Kilimanjaro ukionekana alfajiri dirishani. Hatusemi kwamba wamesema uongo. Twasema tu kwamba katika gari lile lile, mabehewa machache nyuma yao, walikuwamo watu wengi zaidi walioupitisha usiku ule kwa namna nyingine, na habari zao hazikuandikwa ila kidogo.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na ikafika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Katika miaka ya kwanza safari ya Mombasa hadi Nairobi ilichukua karibu siku nzima, usiku na mchana. Hapakuwa na behewa la chakula. Gari lilisimama penye nyumba ya wageni, kama ile ya Voi, abiria wenye fedha wakashuka wakala, kisha wakarudi garini. Mwenye kutaka kulala vizuri alichukua blanketi lake mwenyewe. Katika nyika ya Taru vumbi jekundu liliingia kila mahali, hata abiria akashuka Nairobi huku nguo zake na nyusi zake zimekuwa rangi moja.

Habari za simba wa Tsavo mwaka 1898 zajulikana na kila mtoto wa shule, nasi hatutazirudia. Iliyo karibu zaidi na maneno yetu ni ile ya Kima ya mwaka 1900, kwa kuwa yahusu behewa la kulala hasa. Simba alikuwa amezoea kuua watu katika stesheni ile. Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, akaamua kumvizia usiku akiwa ndani ya behewa, pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Ryall alishika zamu ya kwanza, na yadhaniwa usingizi ulimshinda. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, na uzito wake ukalifanya behewa liiname, mlango ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga Parenti aliyelala sakafuni, akamwua Ryall, akatoka naye kwa dirishani. Behewa lenyewe lipo hata leo katika Jumba la Makumbusho la Reli hapa Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971. Kutoka Komarock hadi pale ni safari ya matatu tu, nasi twashangaa kwamba watoto wetu wengi hawajapelekwa kuliona.

Sasa tuje kwenye madaraja. Tangu mwanzo palikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kwa desturi ya zama zile za ukoloni, la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya watu wawili wawili, na la pili vya watu wanne, kila mmoja na kitanda chake. Daraja la tatu halikuwa na kitanda. Lilikuwa na viti vya mbao. Basi katika gari moja, usiku mmoja na njia moja, usingizi wenyewe uligawanywa kwa rangi ya mtu. Mwaka 1907 Winston Churchill, alipokuwa waziri mdogo wa makoloni, alisafiri katika reli hii akaketi kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini ili atazame wanyama. Hata kukaa nje ya gari kulikuwa starehe kwa mwingine, na kukaa ndani yake kulikuwa taabu kwa mwenziwe.

Wazee waliopanda daraja la tatu hawahitaji kuelezwa, ila twaandika kwa ajili ya vijana. Mtu alifika stesheni mapema, mchana bado ungalipo, apate nafasi karibu na dirisha. Mizigo iliwekwa juu, chini na katikati: masanduku ya mbao, vikapu, magunia ya viazi yakienda pwani, nazi na maembe yakirudi bara. Gari likiisha kuondoka, kila mmoja alianza kuutafuta usingizi kwa werevu wake. Mama alitandika khanga chini ya kiti akawalaza watoto, miguu ya watu ikawa ndiyo ukuta wao. Vijana wepesi walipanda kwenye ubao wa mizigo wakajinyoosha huko. Wengine walilala wameketi, kichwa cha huyu begani kwa yule, na asubuhi wakaamkiana kama ndugu ingawa jioni hawakujuana majina. Ulinzi wa mizigo ulikuwa kwa zamu. Mtu aliyelala usingizi mzito bila ya kumwambia jirani yake alijihatarisha.

Njaa haikuwa shida kubwa. Gari lilisimama mara nyingi, na kila liliposimama sauti zilisikika gizani nje: mayai, chai, ndizi, muhogo. Biashara ilifanywa kwa dirishani, fedha ikishuka na chakula kikipanda, na mara nyingine gari likaondoka kabla ya chenji kurudi. Pale Makindu, Masingasinga waliofanya kazi katika reli walijenga hekalu lao mwaka 1926, na hata leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo. Majina ya stesheni yenyewe yalikuwa kama saa kwa wasafiri wa kila mara. Konza, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi: mzee aliyezoea alilisikia gari likipunguza mwendo, akajua ni wapi bila kufumbua macho. Kuanzia mwaka 1955 zilikuja zile injini kubwa za Garratt, 34 kwa jumla, kila moja yenye uzito wa tani zaidi ya 250 na yenye jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Sauti ya moshi wake katika mlima wa kutoka Mazeras haisahauliki na aliyeisikia.

Lakini zilikuwako safari nyingine katika njia hii ambazo hazikuwa na tikiti. Tarehe 24 Aprili, 1954, serikali ya kikoloni iliizunguka Nairobi kwa askari, hasa mitaa ya Waafrika ya upande huu wa mashariki. Watu zaidi ya 20,000 walikamatwa katika majuma yaliyofuata, na wengi wao wakapelekwa kwa reli kwenye kambi za Manyani na Mackinnon Road, ambazo zote mbili zimo kando ya njia hii ya Mombasa. Yaani reli ile ile iliyompeleka mtu kutafuta kazi Kilindini ilimpeleka mwingine kizuizini, na jamaa zake wakabaki wakiuliza habari zake kwa wafanyakazi wa gari waliopita huko. Kila tuonapo picha za utalii za gari lile la usiku, twaona ni haki na jambo hili nalo liwekwe karibu nazo.

Baada ya Uhuru mwaka 1963 rangi iliondoka katika madaraja, fedha ikabaki. Mwalimu, karani na muuguzi waliweza sasa kukata tikiti ya daraja la pili, nayo kwa familia nyingi za Nairobi ilikuwa ni mara ya kwanza kulala kitandani huku nchi ikipita chini yao. Wanaume waliwekwa vyumba vyao na wanawake vyao, isipokuwa jamaa waliochukua chumba kizima. Gari liliondoka Nairobi saa moja jioni. Mtumishi alipita ujiani akipiga kengele ya chakula, watu wakala kwa zamu mbili, na waliporudi vyumbani wakakuta vitanda vimekwisha tandikwa shuka na blanketi. Wapo watakaosema kwamba mchuzi wa behewa la chakula ulikuwa mwepesi mno. Hayo twawaachia wenyewe. Asubuhi, gari likishuka Mariakani na Mazeras, minazi ilianza kuonekana na joto likaingia dirishani, na yapata saa mbili na nusu likavuka Makupa kuingia kisiwani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli nayo ikagawanywa, na Kenya ikawa na shirika lake. Fedha za kutengeneza njia na mabehewa zikawa haba. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Januari, 1993, gari la abiria lililotoka Mombasa lilifika daraja la mto Ngai Ndethya, ambalo mafuriko yalikuwa yamekwisha kulivunja. Injini na mabehewa yakatumbukia majini gizani. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wakiwa usingizini. Twawakumbuka hapa, kwa kuwa hakuna mtaa wa Nairobi usio na mtu aliyepata kumsindikiza jamaa yake kwenye gari lile.

Miaka iliyofuata safari zilipungua hata zikawa siku chache tu kwa juma, na kuchelewa kwa saa nyingi kukawa jambo la kawaida. Mwezi wa Aprili 2017 gari la usiku la njia ya zamani lilikoma. Tarehe 31 Mei mwaka ule ule reli mpya ilizinduliwa, itokayo Syokimau hadi Miritini, na safari ya saa 13 au zaidi ikawa ya saa tano au sita. Hatuna la kuilaumu. Mtu sasa aweza kwenda kuzika Mombasa na kurudi kazini bila kupoteza siku mbili. Vitanda lakini havimo tena kwa yeyote, wala mwenye fedha wala asiyenazo. Hata gari la usiku lilipoongezwa baadaye katika njia hiyo mpya, liondokalo saa nne, abiria wote huketi vitini, nalo hufika Miritini kabla ya mapambazuko. Wenye jamaa mjini hupokelewa. Waliobaki hukaa stesheni na mizigo yao wakingoja kuche, mama na watoto wakijitandikia khanga.