Tarehe ya Ukoo wa Wedgwood, Wafinyanzi wa Staffordshire

Asili ya ukoo wa Wedgwood ni kitongoji cha jina hilohilo, karibu na Tunstall, kaskazini mwa Staffordshire nchini Uingereza. Wazee wao wanatajwa kwa jina hilo tangu karne ya 14. Kitongoji kilikuwa kidogo, na waliochukua jina lake walikuwa wachache. Ndiyo maana hata leo ni jina adimu.

Mwanzoni mwa karne ya 17 Gilbert Wedgwood alihamia Burslem, akaoa huko, akawa mfinyanzi. Burslem ilikuwa na udongo wa kufinyanga na makaa ya mawe ya kuchomea, na wazao wake wakairithi kazi hiyo.

Mwaka 1730 alizaliwa Josiah, kitinda mimba wa Thomas Wedgwood. Baba alifariki mwaka 1739, mtoto akaingia kazini akiwa na miaka 9. Ndui ilimdhoofisha goti, akashindwa kulisukuma gurudumu la mfinyanzi kwa mguu. Mwaka 1768 mguu wenyewe ukakatwa. Basi nguvu zake akazielekeza kwenye udongo: akachanganya, akachoma, akaandika kila jaribio. Alifungua karakana yake mwaka 1759. Mwaka 1765 Malkia Charlotte aliagiza seti ya chai, na vyombo vile vya rangi ya krimu vikaitwa Vyombo vya Malkia. Kiwanda kikubwa cha Etruria kikafuata mwaka 1769.

Heshima kuu ya jina hili, kwangu, ni ya mwaka 1787. Kupinga biashara ya watumwa, Josiah alitoa medali za udongo zenye sura ya Mwafrika aliyefungwa minyororo, amepiga magoti, akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Wanawake walizivaa kwenye bangili na vibanio vya nywele. Nyingine alimpelekea Benjamin Franklin, Philadelphia. Josiah alifariki mwaka 1795. Hakuishi kuona Bunge la Uingereza likipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807.

Bintiye Susannah alimzaa Charles Darwin, naye Darwin akamwoa Emma, binti wa mjomba wake, mwaka 1839. Kilembwe wa Josiah, mbunge Josiah Clement Wedgwood, aliandika historia ya ukoo mwaka 1908, na katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana Afrika Mashariki chini ya Jenerali Smuts.

Ukoo huu mdogo ulishika kazi moja kwa karne tatu, ukaitumia kumtetea mtu ambaye wafanyabiashara wa nchi yao walimhesabu bidhaa. Kwa hilo jina lao linastahili kuandikwa.