Mashine ya kukereza mbao ikitetemeka, usikimbilie kulaumu mota

FUNDI anayekereza miguu ya vitanda, nguzo ndogo za ngazi au mabakuli ya mbao huijua mashine yake kwa sauti. Siku inapoanza kutetemeka au kunguruma isivyo kawaida, aghalabu mota ndiyo hulaumiwa kwanza. Hufunguliwa, ikapelekwa kwa fundi wa kusuka mota upya, na pesa zikatoka. Inaporudishwa mahali pake mtetemo ungalipo, kwa kuwa chanzo hakikuwa mota.

Makosa haya huwapata hasa mafundi wa jua kali, ambao si ajabu wawe na mashine iliyoundwa na mchomeleaji kwa vyuma vya hapa na pale na mota kuukuu, bila kijitabu chochote cha maelezo. Hata hivyo, chanzo kinaweza kusakwa bila vifaa vya bei ghali. Siri ni kutenganisha sehemu moja baada ya nyingine.

Kwanza, toa mbao na uwashe mashine tupu. Iwapo mtetemo umetoweka, kasoro imo katika kipande ulichokuwa ukikereza: pengine hakikushikwa katikati barabara, au ni kibichi na upande mmoja umebeba maji mengi kuliko mwingine. Kumbuka kwamba kasi ikiongezwa maradufu, nguvu inayokivuta kipande kisicho na mizani huongezeka mara nne. Ndiyo maana gogo lililotulia kwa kasi ndogo huweza kuchomoka ghafla kwa kasi kubwa na kumpasua fundi uso. Kanuni ya wakerezaji ni kuwa upana wa kipande kwa inchi, ukizidishwa kwa idadi ya mizunguko kwa dakika, uwe kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10, basi, lizungushwe mara 600 hadi 900 kwa dakika, na likiwa halijalainishwa uanzie chini kabisa.

Ikiwa mashine tupu bado inatetemeka, izime, chomoa plagi, vua mkanda, kisha uwashe mota peke yake. Hili ndilo jaribio lenye manufaa kuliko yote, na ni la dakika tano tu. Mota ikizunguka kwa utulivu, iache ilivyo. Mgonjwa ni mkanda, puli au beringi za shafti inayobeba mbao.

Mkanda hudharauliwa sana. Mashine ikikaa majuma kadhaa bila kazi huku mkanda umekazwa, mkanda huo hujikunja kwa umbo la puli, na ukianza kuzunguka hugonga kila kipande hicho kinapopita. Mgongo huo huwa wa polepole kuliko mzunguko wa mota: mkanda wa mita moja juu ya puli yenye mzingo wa sentimita 25 huzunguka mara moja tu kila mota inapozunguka mara nne. Mara nyingine hutulia wenyewe baada ya kupata joto. Ukiwa umepasuka, au umechakaa hadi unagusa kitako cha mfereji wa puli, hauna budi kubadilishwa. Puli zenyewe zipimwe kwa uzi au rula ndefu ili zilingane, na skrubu inayoshika puli kwenye shafti ikazwe. Ikilegea hutoa mlio unaofanana kabisa na wa beringi iliyokufa.

Sasa tuseme mota imebaki peke yake na bado inapiga kelele. Izime huku ukisikiliza. Kelele ikikatika papo hapo umeme unapokatika, asili yake ni ya umeme. Ikiendelea huku mota ikipunguza mwendo, ni ya vyuma: beringi, feni iliyopinda au shafti iliyokosa unyofu. Mlio mdogo wa ‘tiki’ kabla ya kusimama usikutie hofu. Katika mota nyingi za fezi moja hiyo ni swichi ya ndani ikirudi mahali pake.

Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo mota ya fezi moja huvuma mara 100 kwa sekunde hata ikiwa nzima. Mvumo mdogo si ugonjwa. Lakini mota inayovuma bila kuanza kuzunguka huenda kapasita yake imekufa, au swichi hiyo ya ndani haigusi. Kapasita huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo usiiguse kwa mikono mitupu. Mota ya fezi tatu ikivuma kwa kishindo na kupata moto, izime mara moja, kwani pengine fezi moja imekatika.

Kuhusu beringi, shika shafti na uitikise, kisha uizungushe polepole kwa mkono. Ukihisi mchezo au mkwaruzo kama wa mchanga, zibadilishe. Nambari huchorwa kwenye beringi yenyewe. 6203, kwa mfano, ina tundu la milimita 17. Chagua iliyofunikwa kwa mpira pande zote mbili, maana vumbi la mbao ni adui mkubwa. Unapoiingiza kwenye shafti, gonga pete ya ndani pekee. Ukigonga ya nje, utaiharibu beringi mpya kabla haijafanya kazi.

Kusuka mota upya kuna maana pale inaponuka vanishi iliyoungua au inapokata fyuzi mara kwa mara. Ikirejeshwa, na iwapo ni ya fezi tatu, hakikisha inazunguka upande ule ule wa awali kabla ya kufunga mbao. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi itazunguka kinyume, na kishikio cha mbao kilichokazwa kwa kuzungushwa kitajifungua chenyewe kikiwa katika kasi.