Mwani Unavyosafisha Maji ya Samaki: Kutoka Tangi la Bahari hadi Mabwawa ya Korogwe na Handeni

Mwani ni jina la jumla la viumbe wa majini wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea, bila kuwa na mizizi wala majani ya kweli. Upo mwani usioonekana kwa macho, ambao huyapa maji ya bwawa rangi ya kijani, na upo mkubwa kama ule unaolimwa kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989 na katika mwambao wa Mkoa wa Tanga. Thamani yake sokoni inafahamika. Kazi yake ya kuchuja maji haijazungumzwa vya kutosha, ingawa inawagusa hata wafugaji wa samaki wa Korogwe na Handeni, wilaya zisizo na pwani.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na mabaki ya chakula yanayooza huiongeza. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo lakini hulundikana. Kichujio cha changarawe au sponji huishia hapo. Mwani huendelea mbele: hunyonya amonia, nitrati na fosfati ili kujenga mwili wake, na wakati wa mchana huyaongezea maji oksijeni.

Wafugaji wa matumbawe katika matangi ya maji ya chumvi ndio walioifanyia kazi elimu hii kwa umakini zaidi, kwa kuwa matumbawe hudhoofu katika maji yenye rutuba nyingi. Mwaka 1982 mtaalamu Walter Adey, wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, alipata hataza ya mtambo unaopitisha maji ya tangi kwa mawimbi madogo juu ya wavu uliooteshwa mwani mfupi, chini ya taa kali. Wengine hutumia chumba cha pembeni chenye mwani, ambacho taa zake huwashwa usiku tangi kuu linapokuwa gizani, ili asidi ya maji isipandepande. Katika njia zote mbili sharti ni moja: mwani lazima uvunwe. Uchafu huondoka majini pale tu mwani unapotolewa. Ukiachwa ufe humo humo, hurudisha kila ulichokinyonya.

Tanzania ina mfano wake. Katika Ghuba ya Makoba, Unguja, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipanda mwani katika maji yatokayo kwenye mabwawa ya samaki yanayojazwa na bamvua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionesha kuwa aina mbili za asili, Ulva reticulata na Gracilaria crassa, zinafaa kuyasafisha maji hayo kabla hayajarudi baharini.

Mwani wa bahari hauwezi kuishi katika maji baridi ya Korogwe au Handeni, lakini kanuni ni ile ile. Katika bwawa la perege, mwani mdogo ni kichujio na pia ni chakula, hivyo kumwaga maji kwa sababu tu yamekuwa kijani ni hasara. Hatari ipo katika kuzidi. Usiku mwani hautoi oksijeni bali huitumia, na samaki wanaoonekana wakihema juu ya maji alfajiri wanaweza kufa wote kabla jua halijapanda. Kipimo rahisi ni kutumbukiza mkono ulionyooka, kiganja kikiwa kimekunjwa kuelekea juu: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, mbolea na chakula vipunguzwe mara moja na maji mapya yaongezwe. Maji yanayotolewa yapelekwe kwenye bustani ya mboga, ambako rutuba hiyo ina kazi.

Yasielekezwe mtoni. Mto Pangani unaopita Korogwe ndio pia chanzo cha mradi wa maji wa Handeni, unaojulikana kwa kifupi HTM. Kinachomwagwa upande mmoja hunywewa upande mwingine. Katika malambo ya Handeni, samadi inayosombwa na mvua hustawisha mwani wa bluu-kijani, ambao baadhi ya aina zake hutoa sumu inayoweza kuua mifugo.

Mwani wa kigeni usitupwe katika maji ya asili. Ule uitwao Caulerpa taxifolia, uliogunduliwa mwaka 1984 baharini chini ya makumbusho ya bahari ya Monako, ulisambaa katika pwani za Mediterania na umeshindikana kung'olewa kabisa.

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, kuchukua maji mtoni kwa ajili ya mabwawa ya biashara na kutiririsha majitaka kunahitaji kibali. Kwa Korogwe na maeneo mengine ya bonde hilo, maombi huwasilishwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Ushauri wa ufugaji hutolewa na maofisa uvuvi wa halmashauri.