Hesi ya Mwingereza Bado Inakaza Bolti Mlimani

Bolti ya mashine ya kumenya kahawa ikiliwa meno msimu wa mavuno, fundi wa Kirua Vunjo, Kilimanjaro, hujiuliza kwanza: hesi hii, yaani mpango wa meno yake, ni ya nani?

Zamani swali hilo halikuwepo. Wahunzi wa Mamba, si mbali na hapo, walifua mikuki kwa chuma cha Ugweno bila kuhitaji bolti wala nati. Kahawa ilipandwa misheni ya Kilema mwaka 1898, reli ya Tanga ikafika Moshi 1911, na Mwingereza aliyeuteka mji 1916 akaja na vipimo vya inchi.

Inchi hizo zilikuwa na mwenyewe. Kabla ya 1841 kila karakana Uingereza ilichonga hesi yake, na nati ya huku haikuingia bolti ya kule. Joseph Whitworth alikusanya bolti za karakana mbalimbali, akapendekeza meno ya nyuzi 55 na idadi maalumu kwa kila unene. Viwanda vingi vya Ujerumani navyo vilimfuata. Mmarekani William Sellers akaja na yake mwaka 1864, nyuzi 60. Basi bolti ya nusu inchi ya Mwingereza ina meno 12 kwa inchi, ya Mmarekani 13. Vita Kuu ya Pili ilionyesha hasara ya ubishi huo, vipuri vya washirika vilipokataa kuingiliana. Hesi ya pamoja ya inchi ilikubaliwa 1948. Kwetu, baadaye pikapu na pikipiki za Kijapani ziliingia na milimita zake.

Mtego mkubwa ni bolti ya inchi 5/16 na ile ya milimita 8. Unene wa ya kwanza ni milimita 7.94, jicho halioni tofauti. Lakini hatua ya jino ni milimita 1.41 kwa ya inchi yenye meno 18, na 1.25 kwa ya milimita. Nati huingia kidogo, hukwama, na mwenye haraka huongeza spana ndefu. Hapo ameua bolti na nati.

Meno yakiwa yamebonyea tu, usikimbilie dai ya kuchongea meno, kwani huondoa chuma na kuacha bolti nyembamba. Tumia dai yenye umbo la nati, inayozungushwa kwa spana, au tupa ya hesi. Hizo hunyoosha meno yaliyopo. Tundu la bolti ya milimita 8 hutobolewa kwa keekee ya 6.8, kisha huchongwa meno kwa tepu tatu kwa zamu, kwa mafuta, ukirudisha nyuma kila mara ili maganda ya chuma yakatike. Tundu lililoliwa kabisa litobolewe upya kwa ajili ya bolti kubwa zaidi.

Whitworth mwenyewe hajaondoka. Mabomba ya chuma ya maji bado huchongwa kwa nyuzi zake 55, meno 14 kwa inchi kwenye bomba la nusu inchi (ambalo, ajabu, kwa nje lina karibu milimita 21).

Kwa hiyo kijana anayefungua karakana, mwenye fedha za kifaa kimoja tu, asianze na seti ya dai inayong'aa. Anunue geji ya hesi, yenye majani ya inchi na ya milimita.